Kwa nini pikapu moja hulia tofauti katika magitaa mawili, na jinsi ya kuipata sauti unayoitaka

Wapiga gitaa wengi wa Nairobi huanza kuwaza pikapu mpya, yaani kile kifaa cha chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo wake kuwa umeme, siku wanaposikia gitaa la mwenzao likilia vizuri kuliko lao. Huuliza jina la pikapu iliyomo, huitafuta madukani mjini au humwagiza jamaa anayerudi kutoka ng'ambo, huifunga kwenye gitaa lao, kisha hushangaa kwamba sauti waliyoifuata haikuja nayo. Hapo lawama humwangukia muuzaji, kwamba ameuza bandia. Mara nyingi pikapu ni halali kabisa, ila katika gitaa la kwanza ilikuwa imefungwa mahali pengine chini ya nyuzi, kwa kimo kingine, ikapitia poti (vifaa vilivyo chini ya vitufe vya voliumu na toni) na kebo nyingine, na kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa na mkono wake katika sauti ile.

Maelezo yanayofuata yanaonyesha ni vitu gani hubadilisha sauti ya pikapu, vipi vina uzito mkubwa na vipi vimesifiwa kupita kiasi, na kazi ya kufanya kabla ya kutoa hela mfukoni. Nimewafikiria wanaopiga kanisani, wanaopiga benga na rumba klabuni, na mafundi wanaoletewa magitaa ya wote hao. Msimamo wangu nautoa mapema: kati ya magitaa yanayoletwa ili yabadilishwe pikapu, mengi yalihitaji bisibisi, nyuzi mpya na kebo fupi.

Kazi ya pikapu yenyewe

Pikapu ya gitaa la umeme ni sumaku iliyozungushiwa koili ya waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu kadhaa. Sumaku hiyo huufanya uzi wa chuma ulio juu yake uwe na usumaku kidogo, na uzi unapotetema huyumbisha nguvu ya sumaku inayopita katikati ya koili, na koili huzalisha umeme mdogo unaofuata mwendo wa uzi. Kanuni hiyo ni ileile ya jenereta, ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazitoi chochote kwenye pikapu ya sumaku, na nyuzi za shaba nyeusi zilizotengenezwa kwa gitaa la kawaida hutoa sauti dhaifu isiyolingana.

Jambo la kushika hapa ni kwamba pikapu haisikii hewa. Inafuatilia mwendo wa uzi katika sehemu ndogo tu iliyo juu yake, na kila kitu kingine katika gitaa huifikia kwa njia mbili pekee: ama kimebadilisha jinsi uzi unavyotetema, ama kimebadilisha umeme ndani ya koili au baada ya kutoka humo.

Aina kuu zinazopatikana ni mbili. Pikapu ya koili moja ndiyo iliyo kwenye magitaa ya mtindo wa Telecaster na Stratocaster, ambayo Fender ilianza kuyauza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na husifika kwa sauti angavu yenye ncha. Udhaifu wake ni kwamba hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumba, ambao kwa Kenya ni wa hezi 50 na vizidisho vyake. Pikapu ya koili mbili, ambayo wapiga gitaa huiita hambaka, ilibuniwa na Seth Lover katika kampuni ya Gibson. Aliiombea hataza mwaka 1955, na ikaanza kufungwa kwenye magitaa ya kampuni hiyo mwaka 1957. Koili zake zimekaa ubavu kwa ubavu, moja ikiwa na sumaku iliyoelekea kinyume na ya mwenzake na waya uliounganishwa kinyume, hivyo mvumo unaoingia katika zote mbili hufutana huku mwendo wa uzi ukijumlishwa. Kati ya hizo mbili kuna P-90 ya Gibson, iliyoanza mwaka 1946, ambayo ni ya koili moja lakini pana, na sauti yake ina mwili zaidi ya ile ya Stratocaster.

Mahali ilipofungwa

Kama ningeruhusiwa kujua kitu kimoja tu kuhusu gitaa nisiloliona, ningeuliza pikapu imekaa umbali gani kutoka kwenye daraja, yaani kile kipande cha mwilini ambapo nyuzi huishia. Uzi hautetemi mzima tu. Hutetema pia kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo na kuendelea, na vipande hivyo ndivyo vinavyozaa hamoniki, yaani zile sauti za juu zinazoupa mlio rangi yake. Karibu na daraja uzi mzima husogea kidogo sana, na hamoniki hupata nafasi ya kusikika. Karibu na shingo mwendo mkubwa wa uzi mzima ndio unaotawala.

Chukua gitaa la mtindo wa Stratocaster, ambalo urefu wa uzi kutoka kiegemeo cha shingoni hadi darajani ni milimita 648. Pikapu yake ya shingoni iko takriban milimita 162 kutoka darajani, yaani robo kamili ya uzi, na hapo ndipo hamoniki ya nne ya uzi ulioachwa wazi husimama tuli, hivyo pikapu haiisikii. Upungufu huo ni sehemu ya ule mlio wa mviringo ambao watu huupenda. Pikapu ya darajani iko kama milimita 41 tu kutoka darajani, na hesabu ya mwendo wa uzi inaonyesha kwamba sauti ya msingi inayopatikana pale ni chini ya theluthi moja ya ile ya shingoni. Kwa sababu hiyo pikapu ya darajani hupandishwa karibu zaidi na nyuzi, na watengenezaji wengi huiongezea mizunguko ya waya.

Sasa chukua gitaa lenye freti 24, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo. Shingo yake imeingia ndani ya mwili, na pikapu ya shingoni imesukumwa nyuma kwa sentimita moja au mbili. Ukiitoa pikapu ya shingoni kwenye Stratocaster na kuifunga hapo, haitalia tena kama ya Stratocaster hata ukiiombea, kwa kuwa inafuatilia sehemu nyingine ya uzi. Karibu na daraja hali ni kali zaidi, maana sentimita moja pale ni robo ya umbali wote. Stratocaster huinamisha pikapu ya darajani ili upande wa nyuzi nyembamba uwe karibu zaidi na daraja, na gitaa linaloifunga pikapu hiyohiyo ikiwa imenyooka litatoa nyuzi nyembamba zenye unene zaidi.

Urefu wa uzi wenyewe nao huhesabika. Magitaa mengi ya Gibson yana takriban milimita 628. Kwa nyuzi za unene uleule na noti zilezile, urefu wa Fender hudai mkazo ulioongezeka kwa kama asilimia 6, na uzi uliokazwa zaidi hulia kwa ukali na kuacha noti zitengane. Hambaka iliyotoka kwenye Les Paul, gitaa maarufu la Gibson, ikiingia kwenye gitaa refu hupoteza ulaini wake kidogo kwa sababu hiyo peke yake.

Kimo: kazi ya bisibisi

Kabla ya yote funga nyuzi mpya. Jasho na vumbi huziba nyuzi za gitaa linalopigwa kila wiki, na pikapu haiwezi kutoa ung'avu ambao uzi hauna tena. Nyuzi za chuma kilichopakwa nikeli ndizo za kawaida. Za nikeli tupu hulia kwa upole zaidi, na za chuma kisichoshika kutu ndizo kali kuliko zote.

Kisha pima kimo cha pikapu. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya mwisho, weka rula ndogo ya chuma wima juu ya pikapu, na usome nafasi iliyopo kati ya sumaku na sehemu ya chini ya uzi. Fanya vivyo hivyo kwa uzi wa kwanza. Kwa pikapu za koili moja, mahali pazuri pa kuanzia ni milimita 2.4 upande wa uzi wa sita na milimita 2 upande wa uzi wa kwanza. Kwa hambaka, anza na milimita 1.6 darajani na 2.4 shingoni. Hivi ni vipimo vya kuanzia tu, na sikio ndilo litakaloamua mwisho wake.

Weka amplifaya kwenye sauti safi isiyo na mikwaruzo, toni zote zikiwa katikati, na usiziguse tena hadi umalize. Anza na pikapu ya darajani, ipandishe mpaka ipate nguvu unayoitaka, halafu ishushe ile ya shingoni mpaka ukigeuza swichi sauti isiruke. Zungusha skrubu robo mzunguko kwa mara moja, kisha piga mstari uleule wa muziki na usikilize. Tofauti ya nusu milimita husikika wazi, na husikika zaidi kwenye hambaka kuliko watu wanavyodhani. Pikapu iliyo karibu sana hutoa sauti kubwa inayogonga mara tu uzi unapoguswa, lakini mlio wake hujifunga na tofauti kati ya mpigo laini na mpigo mzito hupungua. Ukiishusha, sauti hupungua nguvu lakini hufunguka, na nguvu iliyopotea unaweza kuirudisha kwenye amplifaya.

Kuna dalili moja ambayo watu huipeleka kwa fundi wakidhani shingo imepinda. Unapiga noti kwenye freti za juu za uzi wa sita au wa tano, na badala ya noti moja unasikia mbili zinazopigana, hata baada ya kutyuni vizuri. Sumaku za silinda zilizo ndani ya koili za mtindo wa Stratocaster zina mvuto mkubwa, na zikiwa karibu mno huuvuta uzi na kuuharibia mwendo wake. Shusha pikapu ya shingoni upande wa nyuzi nene kwa milimita moja usikilize tena kabla hujamlipa mtu kukarabati shingo. Hambaka hazina mvuto wa kiasi hicho juu ya nyuzi, kwa kuwa sumaku yake imelala chini ya koili na kinachofika juu ni skrubu za chuma.

Poti, kebo na mahali unapochomeka

Sehemu hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, nami nitakaa juu yake. Kila pikapu ina eneo fulani la sauti za juu ambako husikika kwa nguvu kuliko kwingine, na zaidi ya hapo sauti huporomoka haraka. Nitaliita kilele. Kikiwa juu, gitaa linasikika angavu na jepesi. Kikishuka, linasikika nene na la pua. Kilele hicho huamuliwa na mambo mawili yanayofanya kazi pamoja: indaktansi ya koili, yaani jinsi inavyoupinga umeme unaobadilika haraka, ambayo hukua kadiri mizunguko na chuma kilichomo vinavyoongezeka, na kapasitansi ya vyote vilivyounganishwa nayo, yaani uwezo wao wa kuhifadhi chaji ya umeme, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya kebo.

Hesabu yake yafaa kuonwa kwa macho. Pikapu ya mtindo wa Stratocaster ina indaktansi ya takriban henri 2.4. Kebo ya kawaida ina kama pikofaradi 100 kwa kila mita, na pikapu yenyewe tuihesabie pikofaradi 100. Kwa kebo ya mita 5 kilele kitakaa karibu na hezi 4,200. Hambaka ya henri 4.5 kwa kebo hiyohiyo itakuwa na kilele karibu na hezi 3,100. Sasa irudie pikapu ya kwanza, uifunge kwenye kebo ya mita 10: kilele chake hushuka hadi hezi 3,100, palepale ilipo hambaka. Mtu aliyesifu gitaa la mwenzake kwa ung'avu wake huenda alisifu kebo ya mita tatu bila kujua.

Kebo zinazouzwa Luthuli Avenue na mitaa ya jirani hutofautiana sana kwa jambo hili, na bei haisemi kila kitu. Kebo ya maikrofoni yenye nyaya mbili ndani, iliyolehemiwa plagi za gitaa ncha zote mbili, inaweza kuwa na kapasitansi kubwa kuliko kebo ya gitaa yenyewe. Ikiwa multimita yako ina kipimo cha kapasitansi, iache kebo ikiwa haijachomekwa popote, gusa ncha ya plagi kwa waya mmoja na mwili wa plagi kwa mwingine, kisha usome. Kebo ya mita 5 inayosoma zaidi ya pikofaradi 1,000 inafaa kupelekwa kwenye kinanda, ambacho hakijali.

Poti, yaani kile kifaa kilicho chini ya vitufe vya voliumu na toni, nazo huathiri urefu wa kilele. Kwa desturi pikapu za koili moja hufungiwa poti za omu 250,000 na hambaka poti za omu 500,000. Poti ndogo hukikata kilele kichwa. Kwa hiyo hambaka ikifungwa kwenye gitaa lililokuwa na koili moja bila kubadilishwa poti, italia kama imefunikwa blanketi, na koili moja ikifungiwa poti za 500,000 itachoma masikio. Kabla ya kusema pikapu ni mbaya, fungua kifuniko cha nyuma usome namba iliyochapishwa kwenye poti, kisha uipime kwa mita waya zake zikiwa zimefunguliwa, kwa sababu poti iliyoandikwa 500,000 huruhusiwa kutofautiana kwa asilimia 20 juu au chini. Na ikiwa sauti huzibika kila unapopunguza voliumu kidogo, kapasita ndogo iliyofungwa kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa kutokea wa poti ya voliumu hurudisha sauti za juu.

Halafu kuna suala la kanisani. Mara nyingi hakuna amplifaya ya gitaa jukwaani, na mpigaji huambiwa achomeke moja kwa moja kwenye mikseta. Mlango wa amplifaya ya gitaa una ukinzani wa takriban omu 1,000,000, ambao pikapu haiuhisi kabisa. Mlango wa kawaida wa mikseta wa kuingizia kinanda una kama omu 10,000, na huo ni mzigo mzito mno: kwa pikapu ya koili moja, sauti huanza kuporomoka karibu na hezi 1,000, maana yake kilele chote kimekwenda. Hakuna pikapu itakayosikika vizuri hapo, ya bei ghali wala ya bei nafuu, na fundi mitambo akiongeza sauti za juu ataongeza makelele tu. Tumia boksi la DI (kifaa kidogo kinachokaa kati ya gitaa na mikseta) lenye umeme wake ndani, au mlango wa mikseta ulioandikwa kuwa ni wa ala, au hata pedali yenye bafa, yaani saketi inayoikinga pikapu na mzigo huo, iliyowashwa kabla ya mikseta. Nimemwona mpiga gitaa wa kwaya akiuliza, "Fundi, hii pikapu ya shingoni imekufa?" na jibu likawa ni kuhamisha plagi kutoka tundu moja la mikseta hadi jingine.

Pikapu zenye betri ya volti 9 ndani, kama za EMG, zina kikuza sauti chao kidogo palepale, hivyo haziyumbishwi na kebo wala mlango wa mikseta. Husikika karibu sawa popote unapochomeka. Wengine huziona hazina uhai kwa sababu hiyohiyo, lakini kwa anayepiga kila Jumapili kwenye mitambo asiyoijua, sioni dosari.

Mbao na vyuma

Mabishano ya mbao hayana mwisho na sitayarefusha. Katika gitaa la mwili mzima, mbao huathiri muda ambao noti inadumu na jinsi noti fulani zinavyofifia mapema, na athari hiyo ni ndogo ikilinganishwa na mahali pa pikapu au kebo. Katika gitaa lenye uwazi ndani, kama ES-335 ambayo Gibson ilianza kuiuza mwaka 1958 ikiwa na gogo katikati, mwili hurudisha mtetemo kwenye nyuzi, noti huanza kwa ulaini, na ukikaribia spika gitaa hupiga mluzi. Jaribio rahisi ni kulipiga gitaa bila kulichomeka, noti moja baada ya nyingine kwenye kila freti. Noti inayokufa hapo itakufa pia kwenye amplifaya, na hakuna pikapu itakayoifufua.

Vyuma vilivyo karibu na koili vina uzito kuliko mbao. Telecaster ina bati la chuma kuizunguka pikapu ya darajani na jingine chini yake, na hayo huongeza indaktansi na kuupa mlio ule mgumu unaojulikana; ukiifunga pikapu hiyo kwenye gitaa la plastiki na mbao bila bati, sehemu ya tabia yake hubaki nyuma. Kifuniko cha shaba nyeupe hakidhuru sana, lakini kile cha shaba njano hula sauti za juu. Magitaa mengi ya bei nafuu yana vifuniko vya namna hiyo, na kama hambaka yako imejifunga, chunguza kifuniko kabla ya kuitupa.

Kuchagua pikapu ya gitaa ulilo nalo

Ukishafunga nyuzi mpya, ukarekebisha kimo, ukapima poti na kufupisha kebo, na bado hujaridhika, basi pikapu ndiyo inayofuata. Kwanza jua uliyonayo. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua voliumu hadi mwisho, chagua pikapu moja kwa swichi, na upime ukinzani kwenye plagi ya upande wa pili. Koili moja ya mtindo wa Stratocaster kwa kawaida husoma omu 5,500 hadi 6,500, hambaka ya mtindo wa zamani 7,000 hadi 8,500, na zile zilizosokotwa kwa nguvu hupita 12,000. Ukisoma kama 7,390 kwenye pikapu iliyoandikwa 7,500 usishtuke, kwa kuwa poti ya 500,000 imejumuishwa kwenye kipimo. Joto nalo huchangia: shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, kwa hiyo pikapu iliyokaa ndani ya gari juani itasoma zaidi ya ile iliyopimwa asubuhi ya Julai.

Namba hiyo inasaidia kujua kama koili ni nzima. Usiitumie kupima ukubwa wa sauti. Waya mwembamba zaidi hupandisha ukinzani bila kuongeza nguvu, na wauzaji wanalijua hilo. Ukiweza kupata indaktansi kwenye maelezo ya mtengenezaji, hiyo ndiyo itakayokuambia kilele kitakaa wapi.

Tazama pia chini ya pikapu. Nyingi za koili moja zilizo kwenye magitaa ya bei ya chini zina upau mweusi wa sumaku ya kauri uliogundishwa chini ya vipande sita vya chuma, badala ya silinda sita za aliniko, ile aloi ya alumini, nikeli na kobalti. Vile vipande vya chuma huongeza indaktansi na kuishusha sauti iwe nene. Hapo kubadilisha kunaleta tofauti halisi, na kwa gitaa la namna hiyo ningeanza na pikapu ya darajani peke yake.

Chaguo lenyewe lifuate gitaa na kazi. Gitaa lako likiwa tayari ni kali, refu na lenye daraja la chuma kizito, hambaka ya wastani au koili moja yenye aliniko laini italituliza. Likiwa fupi na zito, usiliongezee pikapu iliyosokotwa sana, maana utabaki na sauti za kati tupu. Anayepiga solo ya benga, ambayo mtindo wake umejengwa juu ya mipigo ya nyatiti, anahitaji kila noti ianze na kuisha peke yake. Koili moja darajani, au darajani na ya katikati kwa pamoja, humpa hilo kuliko hambaka yoyote niijuayo. Katika bendi ya rumba yenye solo, mi-solo na ridhimu, kosa ni kuwafungia wote pikapu zinazofanana. Solo achukue daraja, ridhimu achukue shingo au mchanganyiko wa shingo na katikati, na mi-solo akae kati yao kwa pikapu yenye kilele tofauti, hata ikiwa ni P-90. Bendi ikipiga pamoja ndipo utakaposikia kama umechagua sawa, wala si chumbani peke yako.

Kabla ya kulipa, pima nafasi kati ya nyuzi ya kwanza na ya sita juu ya pikapu. Hambaka za mtindo wa Gibson zina takriban milimita 50 kati ya skrubu za kwanza na za mwisho, ilhali magitaa mengi yenye daraja la mtindo wa Stratocaster yanahitaji 52 au 53 darajani. Hesabu pia nyaya zinazotoka: zikiwa nne bila kuhesabu ya ardhi, utaweza baadaye kuzima koili moja kwa swichi, ingawa sauti inayobaki huwa nyembamba kuliko ya koili moja ya kweli.

Kufunga na kupima

Piga picha ya nyaya kabla ya kufungua chochote. Lehemu mpya ikishapoa na kabla ya kurudisha kifuniko, chomeka gitaa na uguse sumaku za kila pikapu kwa ncha ya bisibisi; zinapaswa kulia "tak" kulingana na mahali swichi ilipo. Kisha chagua pikapu mbili kwa pamoja. Sauti ikiwa nyembamba, ya puani na isiyo na besi, zinapingana, na dawa ni kubadilishana nyaya mbili za pikapu moja. Kama pikapu hiyo ina kifuniko cha chuma kilichounganishwa na waya wa ardhi, tenganisha kifuniko kwanza ukiunganishe upya kwenye ardhi kwa waya wake mwenyewe.

Mwisho, sikiliza mvumo huku umeshika nyuzi na huku umeziachia. Ukipungua unaposhika, uunganishaji wa ardhi ndani ya gitaa uko sawa. Ukiongezeka, waya wa moto na wa ardhi vimebadilishana mahali. Usipobadilika, huenda waya wa ardhi wa daraja umekatika. Ukisikia mshtuko mdomoni unapogusa maikrofoni huku umeshika gitaa, chomoa kila kitu na umwite fundi wa umeme aangalie soketi za jengo, kwa sababu hitilafu hiyo haiko ndani ya gitaa na inaweza kuua.